Pua Isiyobonyezeka

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na limebeba makalio mengi kuliko mabenchi yote ya serikali, ukijumlisha na ya mahakama. Liko kwenye kona, katikati ya kibanda cha cherehani cha Sindano na duka la nyama la Bucha. Nyuma yake kuna ukuta wa shule, na kengele ya umeme ya hiyo shule ndiyo saa yetu. Mbele yake Mama Birika ameweka jiko lake la mkaa, na kahawa anayopika ni kali kiasi kwamba nzi akitua kwenye kikombe hasubiri mabawa, anaondoka kwa miguu mbio. Mimi naitwa Brashi, naandika mabango. Shule niliishia darasa la sita, lakini la sita la zamani, ambalo ni sawa na chuo kikuu cha siku hizi. Yule ng'ombe niliyemchora kwenye ukuta wa Bucha ana uhai mpaka leo kupe wanampanda. Na majina yote ya hapa nimeyatoa mimi. Bucha nilimpa mimi. Fundi simu nilimwita Redio kwa sababu anaongea hata betri zikiisha. Mtu akikaa hapa siku tatu bila jina, namwona kama ukuta usiopakwa rangi, mkono unaniwasha.

Asubuhi hiyo nafasi ya Sindano ilikuwa wazi. Alikuwa amepita mapema, ana mfuko wa shuka na ndala, hakukaa. Alimtupia Redio simu yake akasema, "Imekufa tangu jana, niangalizie." Halafu akasema, "Mwanangu anapasuliwa leo saa nne. Wanaitoa ile plastiki ya puani, wanamwekea ngozi yake mwenyewe." Bucha akamuuliza, ngozi ya wapi? Sindano akajigonga nyuma, pale mfuko wa suruali unapoishia. "Ya huku," akasema, akaenda zake.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Huwezi kuwaachia watu wa benchi neno kama "huku" halafu ukaondoka.

Redio: Jamani, habari imeingia sasa hivi. Pua inatoka kwenye makalio.

Bucha: Kitaalamu haina shida. Mimi nachuna ng'ombe mwaka wa ishirini huu. Ngozi ya tumbo inachanika, ya shingo ina makunyanzi. Ya nyuma ndiyo ngozi. Ile unashonea kiatu, unavaa mpaka unamrithisha mjukuu.

Mimi: Kwa hiyo Kengele atakuwa na pua ya buti.

Bucha: Buti la askari! Jua lake, mvua yake.

Kengele ndiye binti wa Sindano. Jina hilo pia nimempa mimi, nitafika huko.

Redio: Uimara sawa, lakini hamjafikiria upande wa mtandao. Ngozi ina waya ndani. Mimi nikitoa spika kwenye simu hii nikaifunga kwenye ile, bado inakoroma vilevile. Sasa ngozi hiyo imezoea kukaliwa miaka ishirini na nne. Mtoto akikaa kwenye kiti chenye joto, pua itajua. Akikaa kwenye kiti chenye vumbi...

Mimi: Anapiga chafya!

Redio: Si ndiyo nasema? Ndiyo maana wahenga wakasema kikulacho ki nguoni mwako.

Bucha: Sasa hiyo inaingiaje hapo?

Redio: Makalio yako wapi? Si nguoni?

Tulicheka mpaka tofali likachomoka, benchi likainama upande wa Bucha, kahawa ikamwagika. Nikaona wenzangu wanataka kunipita, na mimi sijazaliwa kupitwa.

Mimi: Ninyi mnabahatisha. Mimi nimeandika mabango ya zahanati tatu, udaktari umeniingia kupitia brashi. Ngozi ikikatwa inaota tena, ndiyo au siyo? Basi hapo ni shamba. Mtu kama Bucha, na eneo lile alilojaliwa, unatoa pua arobaini kwa msimu. Zinabaki chenga za kutengeneza masikio. Anakaa tu hapa benchini anakunywa kahawa, huku chini mazao yanakomaa.

Bucha: Na mbolea?

Mimi: Mbolea si unajitegemea?

Redio alilala chini kabisa. Nilifurahi. Ukimlaza Redio chini, siku yako imeshalipa.

Mama Birika hakucheka. Alikuwa anapepea mkaa, kipepeo kinakwenda kasi kuliko moto unavyohitaji.

Mama Birika: Mmemaliza?

Bucha: Bado, kuna awamu ya pili.

Mama Birika: Saa ngapi sasa?

Redio: Saa tatu na robo.

Mama Birika: Saa nne anaingia. Mwenzenu amekaa kwenye kiti cha korido, ameshika ndala za mwanawe mapajani. Na ninyi hapa mnagawana makalio ya mtoto kama mnada.

Bucha: Tunapunguza mawazo tu, Mama. Mwenye njaa hana miiko.

Mama Birika: Njaa gani, wewe una ng'ombe mzima umemtundika humo ndani?

Ikabidi tunywe. Kahawa ikawa chungu ghafla, sijui alitia nini.

Mama Birika: Sindano alikaa hapohapo jana jioni, ninyi mlikuwa mmeshaondoka. Akanieleza kama daktari alivyomweleza. Ile plastiki ya mwaka juzi ilikuwa inasukuma. Ngozi ya ncha ya pua ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara, ikawa nyekundu, mwisho ikatoboka kitundu kama cha sindano, ikaanza kutoa maji. Plastiki ni mgeni. Mwili ukimchoka mgeni, unamtafutia mlango.

Redio: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama Birika: Nyamaza, wewe. Wanaitoa, wanasafisha. Halafu wanachukua ngozi pale makalio yanapokutana na paja, kwenye mkunjo, ili kovu lijifiche. Ile ya juu wanaikwangua wanaitupa. Wanabaki na ya ndani, nene, nyeupe. Wanaikunja kama kola, wanaipenyeza chini ya ngozi ya pua. Mwili unaijua. Mwenye nyumba hafukuzwi.

Bucha: Ya ndani? Basi haioti nywele.

Mama Birika: Haioti nywele, haipigi chafya. Sindano alielewa upesi kuliko wasomi. Aliniambia, "Mama Birika, ndivyo nifanyavyo mimi. Suruali ya mteja ikitoboka gotini, sihangaiki madukani kutafuta kitambaa kinachofanana. Nafumua pindo la ndani, lile ambalo halijaona jua, nakata humo. Rangi ileile, uzi uleule, mwenyewe haoni." Aliposema hivyo akatabasamu kidogo. Halafu akalia.

Hapo benchi likanyooka lenyewe. Sindano alie? Yule mtu cherehani ilimtoboa kidole, sindano ikaingia upande huu ikatokea upande wa pili, akaniomba nimshikie kitambaa kisichafuke.

Mimi: Alilia nini?

Mama Birika: Mtoto hataki.

Bucha: Hataki kupona?

Mama Birika: Hataki laini. Alimuuliza daktari, hiyo ngozi yangu mkiiweka itakuwa ngumu kama plastiki? Daktari akasema hapana, itakuwa laini kama pua ya mtu yeyote, na itanywea kidogo. Akauliza, ikibonyezwa itabonyea? Daktari akacheka, akasema pua zote zinabonyea, mama. Mtoto akavua gauni la hospitali, akavaa nguo zake, akataka kurudi nyumbani na kitundu chake. Sindano alimwacha jana jioni amekaa kitandani na viatu miguuni. Mpaka alipokuwa ananieleza hapa, hakujua kama leo ataingia au hataingia.

Mama Birika akageuza mkaa kwa koleo.

Mama Birika: Na mwaka juzi, kule alikowekewa plastiki, walimuuliza anataka pua ya namna gani. Wenzake wanakuja na picha. Huyu mnajua alisema nini? Alisema, "Isiyobonyezeka."

Bucha: Sasa nani ambonyeze pua mtu mzima, mfanyakazi wa watu?

Aliuliza hivyo huku anaangalia ndani ya kikombe chake. Redio naye akaangalia ndani ya chake. Ungedhani kuna samaki humo.

Basi nimefika huko nilikosema nitafika. Kengele alikuwa na miaka mitano, anakuja na sahani ya baba yake imefunikwa, anaishika kwa mikono miwili, ulimi nje kwa kujihadhari. Pua yake ilikuwa fupi, pana, ncha yake duara kama kitufe. Hapo nyuma ya ukuta kengele ya shule ikalia, na mimi kichwa changu hakikai bure. Nikanyoosha kidole nikambonyeza puani. "Kriiing! Kuna mtu?" Na yule mtoto, mwepesi kama moto wa karatasi, akanijibu, "Hakuna mtu!"

Tulikufa kwa kicheko. Sindano mwenyewe alicheka mpaka mchuzi ukamwagika. Kuanzia siku hiyo ikawa ada. Akija, namgongea. Kuna mtu? Hakuna mtu! Bucha naye akabonyeza, na vidole vyake vina mafuta. Redio akabonyeza. Wateja wa Sindano wakafundishwa. Watu wa mtaa wa pili, ambao hawana hata shughuli huku, walikuwa wanapita kubonyeza. Sitii chumvi. Mimi hutia chumvi kwenye mambo mengine yote, lakini hapa sitii.

Alipofika miaka kama kumi na moja akaacha kujibu. Unabonyeza, ananyamaza, anaweka sahani chini, anaondoka. Tukasema, kengele imeharibika, fundi aitwe. Baadaye akawa anapita upande wa pili wa barabara. Sisi tukawa tunaita kutoka huku, kwa mdomo. Kriiing! Watu watatu wazima, tumepanga sauti kama kwaya.

Redio: Lakini wewe ndiye ulianza, Brashi.

Mimi: Nakataa? Mimi nilianza. Wewe ulikuwa wapi, ulikuwa umefungwa?

Bucha: Lilikuwa jina la upendo. Mbona mimi mnaniita Bucha na sijaenda hospitali?

Mama Birika: Wewe ulijichagulia kuuza nyama. Mtoto alichagua pua dukani?

Bucha akafunga upya mkanda wa aproni yake. Na mimi nikasikia kitu kinanipanda kifuani, nikajaribu kukirudisha kwa kahawa, hakikurudi. Kuna jambo nilikuwa nalo miezi miwili. Sikumwambia mtu. Mimi, ambaye hata jino likiniuma mtaa mzima unajua ni la upande gani.

Mimi: Nataka kuwaambia kitu. Msinikatize.

Redio: Sema.

Mimi: Umeshanikatiza. Mnaikumbuka hii miwani yangu?

Bucha: Ile uliyosema unaona nayo mpaka chini ya bahari?

Mimi: Hiyo. Nilikwenda kuinunua kule anakofanya kazi Kengele.

Nikawaeleza. Kengele ameajiriwa kwenye duka la miwani. Kazi yake ni kukaa mbele ya watu kutwa nzima na kupima pua zao. Ana rula ndogo, anaiweka hapa katikati ya macho, anapindisha vile viguu vya miwani mpaka vinakaa. Nilipoingia kulikuwa na wateja wanne wamepanga foleni. Akaniona. Akasimama. "Shikamoo, anko." Ana adabu yule mtoto, adabu ya kugawa na ikabaki. Pua yake ilikuwa imenyooka kama mstari niliopiga mimi kwa kamba ya chaki. Kwenye ncha palikuwa na wekundu kidogo. Nikadhani ni poda.

Ningeweza kusema umependeza, mwanangu. Maneno mawili tu hayo. Lakini kulikuwa na watu, na mimi nikiona watu wamekaa kimya najisikia kama nimekabidhiwa jukwaa. Nikasema kwa sauti, "Ah, Kengele! Kumbe umefunga kengele mpya!" Nikanyoosha kidole.

Bucha: Usiniambie.

Mimi: Nikabonyeza.

Mama Birika: Mungu wangu.

Mimi: Ilikuwa ngumu. Kama kitufe cha lifti. Nikasema, "Kriiing, kuna mtu?" Wale wateja, wawili wakacheka. Yeye hakusema hakuna mtu. Alifumba macho tu, machozi yakamlengalenga, nikadhani ni taa. Mkononi alikuwa na miwani yangu. Akaifuta kwa kitambaa, huku na huku, akanivalisha taratibu, akanirekebishia sikioni. Akaniuliza, "Unaona vizuri, anko?" Nikamwambia, "Naona mpaka kesho."

Mkaa ukapasuka.

Mimi: Wiki tatu baadaye Sindano akasema pua ya mtoto imeanza kutoa maji. Sasa niambieni. Ni mimi?

Bucha aliangalia kidole changu. Nami nikakiangalia. Kilikuwa na rangi ya bluu ya bango la jana, hakina hata ukubwa wa kutisha.

Bucha: Plastiki ilikuwa inasukuma kutoka ndani. Si Mama kasema?

Mimi: Na mimi nikaisukuma kutoka nje. Katikati kulikuwa na karatasi ya sigara.

Redio alikuwa anataka kunituliza. Namjua, ana roho nzuri, tatizo lake ni mdomo kutangulia. Akanishika bega.

Redio: Usijitese, kaka. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndipo methali ikamrudia mwenyewe. Nilimwona inavyomrudia. Akautoa mkono begani kwangu, akaangalia vidole vyake, akaviweka katikati ya mapaja. Bucha naye akavificha vyake ndani ya aproni.

Bucha: Kweli. Vilikuwa vingi.

Nikasimama. Nilisimama haraka mpaka tofali likachomoka tena.

Mimi: Saa ngapi?

Redio: Tatu na nusu na dakika tano.

Mimi: Na hospitali ni robo saa. Tukienda sasa tunamwahi kabla hajaingia. Kama bado amekaa na viatu vyake hataki, mimi nitamwambia, mwanangu, ingia. Ingia uwekewe hiyo laini. Hakuna kidole kitakachokusogelea. Nikikusogelea mimi, baba yako ana mkasi. Nitamwapia mbele ya daktari. Nitapiga magoti kwenye sakafu ile ya dawa.

Bucha: Twende wote. Na mimi nilibonyeza.

Redio: Usipoziba ufa...

Mama Birika: Redio, piga simu ya gari, acha ufa.

Akapiga kijiwe cha teksi. Mama Birika akamimina kahawa yote iliyobaki kwenye chupa ya kutunza joto, ya kumpelekea Sindano, akaifunga kwa kitambaa safi. Bucha akavua aproni yake, mara ya kwanza kumwona bila aproni, nikadhani mtu mwingine kaja. Mimi nikasugua kidole kwa mafuta ya taa, rangi ikakataa kutoka.

Gari lilikuja na dereva ambaye hatumjui, kijana mstaarabu, shati amechomekea. Tukajipakia. Bucha mbele, kwa sababu ya eneo lake.

Dereva: Hospitali kuu?

Mimi: Hospitali kuu, mwendo wa ndege.

Dereva: Sawa, wazee wangu. Mgonjwa anaitwa nani?

Mimi: Wewe endesha, hatukuja kutambulishana.

Dereva: Siyo hivyo, mzee. Asubuhi hii si saa ya kutazama wagonjwa. Getini wana daftari. Bila jina la mgonjwa walinzi hawakupitishi. Juzi niliwapeleka watu, wakarudishwa. Ndiyo nawauliza mapema, anaitwa nani?

Redio: Kengele.

Dereva: Kengele nani?

Redio: Kengele... Sindano.

Yule kijana akatabasamu, si kwa dharau, akadhani tunamtania.

Dereva: La kwenye cheti, mzee.

Nikamwangalia Bucha. Bucha akamwangalia Redio kwenye kioo. Redio akamwangalia Mama Birika dirishani, amesimama na mkono kwenye mlango.

Mama Birika: Mimi namwita mwanangu tu.

Mimi: Bucha, wewe mkeo si alikwenda kwenye sherehe ya mtoto kupewa jina?

Bucha: Alikwenda. Akarudi akaniambia wali ulikuwa mzuri.

Dereva: Basi jina la baba yake. Wataangalia kwa jina la baba.

Hapo nikafungua mdomo kwa uhakika kabisa, maana bango la kibanda chake nimeliandika kwa mkono wangu, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Nikaliona bango zima kichwani. SINDANO. FUNDI WA VIRAKA VISIVYOONEKANA. Alipokuja kulitaka aliniambia niandike jina lake. Alilitaja. Nikamwambia hilo halivutii wateja, nakuandikia Sindano.

Miaka ishirini na ushei. Nimekunywa naye kahawa inayoweza kujaza bwawa la umeme.

Bucha: Mpigieni simu Sindano mwenyewe.

Redio: Simu ya Sindano ninayo mimi.

Akaitoa mfukoni, matumbo nje. Akaanza kuifunga palepale kwenye kiti cha nyuma, skrubu inamponyoka mara mbili, na Redio haponyokwi, yule anafunga skrubu unazohitaji darubini kuziona. Akabonyeza, ikawaka. Akatafuta jina la mtoto kwenye orodha. Brashi. Birika. Bucha. Mteja Suruali Nyeusi. Mteja Zipu.

Redio: Hayupo. Kuna "Mama."

Mama Birika: Mama yake Sindano alikwisha kufa. Huyo ndiye mtoto. Alirithi jina la bibi yake, kwa hiyo baba yake anamwita Mama.

Bucha: Bibi yake aliitwa nani?

Mama Birika: Tulimwita Bibi.

Simu ikatetemeka mkononi mwa Redio. Ujumbe ulikuwa umekwama tangu alfajiri, simu ikiwa imekufa, sasa ukaingia. Umetoka kwa Mama. Redio hawezi kuona maandishi akayaacha, hata karatasi ya kufungia maandazi anaisoma kwa sauti. Akasoma kabla hatujamzuia.

"Baba, nimekubali. Nitaingia, iwe laini tu. Ila usiwaambie wale wa benchi. Usimwambie anko Brashi. Atakuja."

Alisoma vizuri, pamoja na nukta.

Dereva alizima injini. Alikuwa mtu mwenye akili.

Bucha: Amekubali kuingia. Hiyo ni habari njema.

Redio: Njema sana.

Bucha: Basi hata tusipo...

Redio: Ndiyo. Hata tusipo.

Nikafungua mlango nikashuka. Wakashuka na wao. Mama Birika akaichukua chupa yake, akasema ataipeleka yeye jioni, saa ya wagonjwa, atasubiri nje Sindano atoke. Nikasema sawa. Sikuomba apeleke neno. Neno langu lilikuwa zima, limekaa tumboni, na nikaona huko ndiko litakakokaa kwa leo.

Redio: Sindano akirudi nimwambie simu imepona?

Bucha: Mwambie. Mwambie na kwamba tumesoma.

Redio: Nimwambie hivyo?

Mimi: Mwambie mimi ndiye niliyekwambia usome.

Redio: Lakini hukuniambia.

Mimi: Mwambie hivyo.

Yule dereva alikuwa bado yupo. Sijui kwa nini hakuondoka. Akanyoosha kichwa dirishani, simu yake mkononi.

Dereva: Mzee, nipe basi namba yako. Siku ukihitaji gari, unipigie mimi moja kwa moja.

Nikamtajia namba.

Dereva: Nikuhifadhi kwa jina gani?

Mdomo ulikuwa umeshaanza kusema Brashi. Ukasimama. Nikamtajia jina langu, lile la kwenye cheti, na la baba yangu, na la babu yangu, yote matatu. Jina lilitoka na kutu kidogo. Kijana akaliandika, akaniuliza herufi moja, nikamsahihisha, akasema asante akaenda.

Nilipogeuka, Bucha na Redio walikuwa wananiangalia kama wamekutana na mtu stesheni.

Bucha: Kumbe ndilo jina lako?

Mimi: Ndiyo.

Bucha: Zuri.

Tukakaa. Mama Birika alikuwa anaosha vikombe, anavipanga kichwa chini kwenye sinia, maana yake kahawa imeisha na hatapika nyingine. Nafasi ya Sindano tuliiacha vilevile, hakuna aliyejinyoosha kuijaza. Nilitaka niseme kitu cha kuwachekesha. Nilikuwa nacho, nakumbuka, kilikuwa kizuri. Nikakiacha.

Saa nne ikafika. Nyuma ya ukuta kengele ya shule ikalia, kriiing, ndefu, ile ya mapumziko. Kila siku ikilia hivyo mmoja wetu lazima aulize kama kuna mtu. Leo tulikaa tu, watu wazima watatu na kidole kimoja cha bluu, kimya, kama watu ambao hawapo.